Nilitumwa Kusema "Anagonjwa"

Huku kwetu milimani mtu hasafiri mikono mitupu. Ukishaonekana unafunga mzigo kwenye pikipiki, majirani wanakuja mmoja mmoja na komisyo zao: huyu anatuma sabuni kwa dada yake, yule anatuma habari ya ndoa, mwingine anataka ukamgombeze mkwe wake kwa niaba yake. Mimi nilikuwa nikipeleka maharagwe ya Ngungu upande wa Walikale na kurudi na mafuta ya mawese, kwa hiyo nilikuwa mdomo wa mtaa mzima. Na nasema bila haya kwamba niliipenda kazi hiyo. Nilijiona mtu muhimu.

Baba yangu hakupendezwa. Alikuwa akifundisha Kurani nyuma ya nyumba yetu, watoto wachache tu, maana Waislamu wa Ngungu si wengi na mkeka mmoja uliwatosha. Kila nilipojisifu kwa habari niliyoifikisha, alinirudisha darasani, mimi mwenye ndevu na watoto. Aliuliza sifa za mitume ni ngapi. Nilijibu huku navuta kamba za mzigo: nne. Ukweli, uaminifu, kufikisha walichotumwa, na akili. "Na hiyo ya nne maana yake nini?" Hapo nilikuwa nawasha pikipiki.

Mtu aliyempenda sana baba kwa mazungumzo hayo alikuwa jirani yetu, mzee Mkristo ambaye shamba lake la maharagwe na mihogo lilipakana na letu. Walibishana juu ya ua wa matete mpaka jua linawachoma. Jirani alijua manabii kama alivyojua mashamba: Ibrahimu, Musa, Daudi, Yona. "Hawa ni betu bote," alikuwa akisema. "Mbona munabapatia majina ingine?" Kwake neno nabii lilikuwa pia na maana ya wale wa vyumba vya maombi, wanaokuambia nani amekuroga, akataka kujua nabii wetu anatabiri nini. Baba alimjibu kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, kazi yake ilikuwa kufikisha. Na kabla hajapewa hata neno moja la kufikisha, watu wa Makka walikuwa wameshamwita mwaminifu na kuweka mali zao kwake. Uaminifu ulitangulia, ujumbe ukafuata. Jirani aliitikia kwa kichwa. Mimi nilisikia tu, na sikio langu lingine lilikuwa kwenye injini.

Jirani huyo alikuwa na wana wawili. Mkubwa alikaa naye shambani. Mdogo alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya madini ya Bisie enzi za kuchimba kwa mikono, na kampuni ilipoingia akahamia Kibua, huko huko Walikale, akapata mke na shamba. Siku moja yule mkubwa alishikwa na homa, akafa. Mama yake alikuja kwangu, kitenge kimefungwa kiunoni, sauti imekwisha.

"Usimuambie wazi," akasema. "Umuambie tu yaya yake anagonjwa, akuye."

Hakuna aliyeshangaa, wala mimi. Kwetu kifo hakibebwi kikiwa uchi. Unasema mtu anaumwa, ili mfiwa afike nyumbani kwa miguu yake na aanguke mikononi mwa watu wake. Nilifika Kibua nikasema kama nilivyotumwa, kwamba yaya yake, kaka yake mkubwa, ni mgonjwa na aje, tena nikaongeza ya kwangu. Nilisema kaka yake anakohoa, kifua kinamsumbua usiku. Nilieleza kikohozi kile vizuri mno. Kijana, ambaye tangu atoke Ngungu hakuwa ameletewa habari ya namna hiyo, aliniamini. Akakimbia kutafuta asali ya msituni, chupa nzima, ya kumlainishia kaka kifua.

Alifika na chupa mkononi, akakuta watu wamekaa chini uani na udongo wa kaburi haujakauka. Alinitazama. Mpaka leo nikitaka kujisifu kwa jambo lolote, jicho lile linanirudia.

Halafu mambo yakaharibika zaidi. Alimuuliza baba yake kwa nini walizika bila kumngoja. Mzee, ambaye siku tatu hakuwa amekula, akapandwa na hasira.

"Basi enda!" akasema mbele ya watu. "Utarudia hapa siku ya kunizika!"

Kijana akaenda.

Baba yangu aliposikia habari yote hakunigombeza kwa kuficha kifo. Alijua desturi. Aliniuliza jambo moja tu: "Kikohozi, nani alikutuma?" Nilikasirika wiki nzima, kama anavyokasirika mtu aliyeshikwa.

Miaka miwili baadaye baba yangu naye alikuwa ameshazikwa, na jirani akalala kitandani, tumbo limevimba, miguu imevimba. Muuguzi wa kituo cha afya aliwaambia wakae naye karibu. Simu ya mwanawe ilikuwa haishiki kwa siku nyingi. Nilikuwa nafunga mzigo mama wa kijana alipokuja, na safari hii aliniongoza mpaka ndani. Mzee alikuwa amekaa, anakunywa uji wa mtama kwa kijiko. Alinishika mkono, vidole vyake vya moto.

"Umuambie ile neno nilisemaka, nimeiondosha," akasema. "Akuye nimuone. Siiko na siku mingi."

Mama akaongeza mlangoni: "Umuambie papa yake anagonjwa, akuye mbio."

Njiani nilijiapiza. Safari hii nitasema nilichotumwa, sitaongeza hata nukta. Nilijiona nimekuwa mwanafunzi mwema wa baba, amechelewa lakini amefika. Nilimkuta kijana Kibua anamenya mihogo. Nikashuka, nikamsalimu, nikasema wazi na taratibu:

"Papa yako anagonjwa. Wamenituma nikuite, ukuye mbio."

Kisu kikaanguka. Akakaa chini na kufunika uso, na mke wake akatoka ndani akipiga yowe. Majirani wakaja mbio.

"Hapana!" nikasema. "Ni muzima! Nilimuacha anakunywa uji!"

"Ndio vile ulisemaka na ya yaya yangu," akajibu. Hakupaza sauti. "Ulisemaka anakohoa."

Nilimwambia neno la baba yake, kwamba ameiondoa ile kauli. Akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemshukuru mwenzake kwa kumfariji. Niliapa kwa Mungu. Wazee wa pale waliniomba ninyamaze, nisimchoshe mfiwa. Nilipiga kelele, nilimvuta mkono apande pikipiki twende saa ile ile, nikalia. Kulia kwangu ndiko kulikowamaliza: wote wakawa na hakika.

Na mfiwa kwetu hasafiri na mtu mmoja, sembuse muongo. Walisema atangoja shemeji zake waliokuwa msituni ili wamsindikize, maana maiti, walisema, ameshazikwa au atazikwa tu, haraka ya nini? Alingoja siku tatu. Mimi nilirudi peke yangu, na milima yote ya Masisi niliipita sioni barabara kwa hasira, nikijitetea kwa baba aliye kaburini: nimesema kweli, nimefikisha, sikuongeza. Nilikuwa karibu na Ngungu niliposikia, kwa sauti yake ya darasani, jambo alilokuwa akilirudia na mimi nikilipuuza, kwamba Mungu hakutuma mtume yeyote ila kwa lugha ya watu wake. Siku zote nilidhani maana yake ni Kiarabu kwa Waarabu. Lakini katika lugha ya watu wangu, "anagonjwa, akuye" maana yake amekufa. Nililijua hilo tangu utotoni. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya nne, akili, ile niliyokuwa nikiikimbia kwa pikipiki.

Nyumbani niliwaambia tu kwamba kijana anakuja na shemeji zake. Tangu nirudi mzee aliishi siku nyingine mbili na nusu. Kila injini iliposikika alitaka mlango ufunguliwe.

Kijana alifika siku moja baada ya kifo, shemeji wawili nyuma yake, wote wametembea kimya kutoka barabarani. Safari hii hakubeba asali. Alibeba shuka nyeupe ya kuzikia. Mlangoni aliona uji umeganda ndani ya bakuli, na kijiko bado kimesimama ndani yake. Akanigeukia.

"Ile siku ulikuya," akauliza, "alikuwa anapumua?"

"Alikuwa anapumua."

Mama yake alikuwa amekaa karibu na kitanda. Akainua kichwa, hakuelewa. Alikuwa amehesabu siku, akajua kijana angeweza kufika mapema.

"We ulimuambia nini?" akaniuliza.

"Nilimwambia anagonjwa, mama. Vile ulinituma."

Akalirudia neno lile polepole, kisha akakiweka kitenge usoni. Watu wote uani wakatazama chini.