Sime ya Babu Niliyoisugua

Juzi, kwenye duka la vinyago mjini Arusha, niliona sime kuukuu ndani ya kabati la kioo. Ala yake ilikuwa imepasuka na chuma chake kimeshika weusi. Nilipotajiwa bei nilicheka peke yangu.

Nilikumbuka mchana ule kwetu Meru, babu alipokuwa anamngoja mgeni anayekusanya silaha za kale. Mgeni huyo alikuwa ameshaiona sime ya babu, ile aliyoachiwa na baba yake, na sasa alikuwa anarudi kuinunua. Kwa fedha hizo babu alitaka kuezeka nyumba kwa bati.

Bibi alitufundisha kwamba mgeni hapewi chombo kichafu. Basi niliipeleka sime mferejini, nikaisugua kwa majivu na mchanga kama nilivyosugua masufuria, mpaka weusi wote ukatoka na nikaona uso wangu. Mikono yangu ilinuka chuma.

Mgeni aliigeuza mara moja, akairudisha mezani polepole.

"Ilikuwa na miaka yake," alisema. "Sasa imekuwa kama mpya." Akaaga bila kumaliza chai.

Nililia, nikidhani kuna doa nimelisahau. Sikujua kwamba doa ndilo alilolifuata.

Babu alipima makali kwa kidole gumba. "Mjukuu wangu, bati litapatikana," alisema. "Twende tukakate ndizi."

Bati lilipatikana. Sime iko kwangu sasa, bado inakata ndizi, na weusi umeanza kuirudia.