Rabi Khlafo Azuia Torati

Rabi Khlafo Buaron hakuwa mpole, na anayekwambia alikuwa mpole hakupata kukaa naye mezani. Alikuwa mfupi, sauti ya kukwaruza, na alikula samaki wangu wa pilipili mpaka jasho likamtoka huku akiwataja maadui zake mmoja mmoja. Wa kwanza siku zote alikuwa Mzee Mussi Zruk, msimamizi wa sinagogi letu sisi Wayahudi tuliotoka Tripoli ya Libya, hapa kijijini, jangwa la Negev, Israeli.

Baba yake Rabi alipooza miguu. Sinagogi lilikuwa na ngazi za mawe, na Mzee Mussi alikataa zisiguswe kwa kuwa zilijengwa na wazee. Basi yule baba akasali uani, chini ya dirisha, jua na baridi, hadi akafa bila kuitwa hata mara moja mbele ya Torati kutamka baraka inaposomwa, heshima ya kila mwanamume kwetu. Khlafo mdogo ndiye aliyekuwa akimfunika blanketi. Alipokua akaenda kusomea urabi, kisha akarudi kwetu.

"Wanadhani nimerudi kufundisha," aliniambia. "Nimerudi kulipiza."

Wakati huo mume wangu, Bekhor, alikuwa keshapindukiwa na trekta, yuko kwenye kiti cha magurudumu uani palepale. Alitaka jambo moja tu: aitwe mbele ya Torati kama wanaume wenzake. Rabi akaiomba kamati ijenge njia ya mteremko. Mzee Mussi akacheka.

"Vijana wambebe. Tabu iko wapi?"

"Mimi si gunia la viazi," akasema Bekhor.

Rabi akachukua kofia yake, akatoka.

Akaingoja Sabato ambayo bwana harusi huitwa mbele ya Torati; safari hii alikuwa mjukuu wa Mzee Mussi. Sinagogi lilifurika jamaa kutoka mji wa Netanya. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia, peremende mkononi, tayari kumrushia kijana kama ilivyo desturi. Ilipofika saa ya kutoa gombo la Torati, Rabi akasimama mbele ya kabati linamotunzwa na kutandaza mikono.

"Nazuia usomaji."

Ni haki yetu ya zamani: aliyedhulumiwa aweza kuizuia Torati isisomwe mpaka asikilizwe. Lakini huitumia wajane na yatima. Rabi kuitumia mwenyewe, hatukupata kuona.

"Rabi, leo?" Mzee Mussi alinong'ona, uso umemwiva. "Mbele ya wakwe?"

"Leo ni leo, Mzee Mussi. Asemaye kesho ni mwongo."

"Unataka nini?"

"Bekhor Guetta aitwe kabla ya bwana harusi."

"Basi mbebeni, mleteni ndani!"

"Habebwi mtu. Torati ndiyo itakayoshuka, na sisi sote nyuma yake."

"Kwenye jua lile?"

"Baba yangu alilizoea."

Nikashindwa kujizuia. "Aliye juu mngoje chini!" nikapaza sauti kutoka nyuma ya pazia. Wanawake wakapiga vigelegele, hata mke wa Mzee Mussi.

Wakashuka. Meza ikaburutwa uani. Kuita majina ni kazi ya msimamizi, kwa hiyo Mzee Mussi ikambidi alitamke kwa kinywa chake: Bekhor mwana wa Huato. Mume wangu akaishika Torati, akatamka baraka. Nikalia kwa furaha, na peremende zote za bwana harusi nikammiminia yeye.

Rabi hakuishia hapo. Kila Sabato alisomea uani, vumbi lije, mvua inyeshe, mpaka kamati ikasalimu amri na saruji ikamwagwa juu ya ngazi za wazee.

Sabato ya kwanza ya njia mpya, Mzee Mussi alikuwa amesimama mlangoni.

"Umeridhika sasa, Rabi?"

"Siku baba yangu atakapopanda hapa, nitaridhika."

Mzee akanyoosha mkono. Rabi akauacha ukining'inia, akaingia ndani. Wapo wanaosema alikosea, kwamba rabi husamehe. Hao hawakuzika mtu wa uani.

"Nipisheni jamani, tunachelewa," akasema Bekhor.

Gurudumu likapita juu ya vidole vya mguu vya Mzee Mussi, akaruka akimwita mamaye. Aliyekuwa akisukuma ni mimi, na njia ilikuwa pana vya kutosha kumkwepa.