Mstari Mwekundu Juu ya Paa

Kila mara picha ya setilaiti ilipokwama mtandaoni, fundi wa ramani pale Kitengela alifuta viganja kwenye suruali na kunong'ona, "Njoo, njoo," kama anayeita ndama. Kalunde, aliyeambiwa nyumba yake imo katika njia ya barabara mpya, aliketi kando yake akikodolea macho skrini. Hatimaye picha iliingia kwenye kompyuta, na fundi akaweka juu yake mstari mwekundu wa barabara. Ukapita katikati ya paa lake.

"Ngoja, mama. Hata mto haujakaa mahali pake. Picha imeenda kando."

Akaisogeza polepole, pumzi ameizuia, mpaka mto wa kwenye picha ukalingana na ule wa kwenye ramani ya barabara. Ndipo akamgeukia.

"Nyumba imepona. Ni jiko la nje tu litakalobomolewa."

Kalunde akacheka huku machozi yakimtoka.