Sufuria ya Supu, Jumatano

Mnicheke tu. Hii hadithi inanionyesha mjinga, na siwezi kuisimulia nikatoka mjanja.

Kwetu, upande wa Ziwa Kivu, ilikuwaka siku ya kawaida. Maharagwe motoni. Koko, bibi yangu mzaa mama, ananigombeza kwa kuonja kabla ya chumvi. Mara risasi, nyuma ya shule.

Mama alikuwa na mtoto mgongoni. Akasema, "Baraka, shika koko!"

Nikashika sufuria.

Kwetu ukikimbia vita unakimbia na chakula, hujui utakula tena lini. Nikajiambia: koko anatembea polepole, nitatua sufuria kule juu kilimani, nitarudi kumchukua.

Barabara ikafungwa kabla sijarudi.

Yale maharagwe tuliyala siku mbili porini. Mama alikula bila kuniangalia. Koko hatujamwona mpaka leo, hata kaburi.

Sasa niko London, nafanya usafi kwenye maofisi ya Harrow, na kila Jumatano niko senta ya Wayahudi, si mbali na Kingsbury. Wazee wao wanacheza karata, wamama wa Kongo wanajifunza Kiingereza, Wahindi wa Kenya wanakuja kupimwa presha. Mlangoni kuna mlinzi, na si pambo, vitisho wanavipata. Kazi yangu ni kumsukuma Mama Miriam kwenye kiti chake cha magurudumu. Wazazi wake walikimbia vita ya Ulaya wakafika Nakuru, kwa hiyo Kiswahili anakijua, hasa cha kugombeza.

"Kijana, toa hiyo maziwa hapo kando ya supu! Kwa dini yetu nyama na maziwa hazikai meza moja."

"Hata zikisalimiana tu, Mama?"

"Hata salamu!"

Tulikuwa tunacheka alamu ilipolia. Mlinzi akapaza sauti: "Wote nje! Sasa hivi!" Viti vikaanguka.

Nikakimbia.

Nje, penye magari, nikasikia mikono inaungua. Nikaangalia.

Nimekumbatia sufuria ya supu.

Kiti cha magurudumu hakipo.

Nikatua sufuria chini, nikarudi mbio ndani. Mlinzi akanikamata shati mlangoni. Vifungo vikabaki kwake. Mama Miriam alikuwa palepale mezani, kijiko mkononi, breki zimefungwa. Nikazifungua, nikasukuma.

"Koko, shikilia!" Hivyo ndivyo nilivyomwita.

Kumbe lilikuwa zoezi. Watu wakapigia makofi ile supu, haikumwagika hata tone. Mimi nikakaa chini, kifua wazi, nikalia, nikamwambia Mama Miriam habari ya maharagwe.

Akaweka kijiko mapajani.

"Mama yangu alitoka kwao na pasi ya chuma," akasema. "Babu alibaki. Ile pasi ninayo mpaka sasa. Wewe kijana, kunitoa mimi si kumtoa koko yako, usijidanganye. Lakini mimi nimetoka. Leta bakuli, supu inapoa."