Kumtafuta Mwanangu Sehemu ya D

Kazi yangu ni kuwarudishia watu vitu vilivyopotea kwenye kompyuta. Nina kibanda cha stesheneri hapa Endasak: fotokopi, picha za pasipoti, kuchaji simu, na kompyuta za walimu zilizozimika ghafla. Mwalimu akija mikono kichwani, mitihani ya muhula mzima imeyeyuka, nilikuwa namwambia, "Tulia, mwalimu. Kompyuta haipotezi kitu, inaficha tu." Nilipenda sana kusema hivyo. Siku hizi sisemi.

Mwanangu alifariki kwa homa ya mapafu kabla hajatimiza miaka miwili, msimu wa baridi, ukungu wa mlima ukiwa umetulalia hata mchana. Mama yake ni muuguzi, aliletwa zahanati yetu kutoka Kigoma, na mtoto alikata roho mikononi mwake. Mganga hajigangi, watu walisema msibani, nami nilitamani kuwafukuza na sahani zao. Kilichobaki kwetu ni video. Kila simu ilipojaa, mke wangu alizihamishia kwenye laptop yangu, na kila moja aliipa kichwa kinachoanza na jina la mtoto: fulani anakataa kuoga, fulani na ndama, fulani anamcheka kuku.

Jina lenyewe siliandiki hata hapa. Mtoto alirithi jina la babu yangu, mzaa baba, na kwetu sisi wafugaji wa uwandani, mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe wake maisha yake yote. Mama yangu hata maneno yanayofanana nalo huyakwepa, anatafuta mengine. Basi mjukuu wake akamwita Mgeni. "Mgeni wangu ameamka?" Mke wangu, ambaye mwiko huo haukumhusu kwa kuwa huyo si baba mkwe wake, alikuwa akimtania: "Mama, huyu ni mgeni gani asiyeaga?"

Wakati wa masika umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na laptop ilikuwa kwenye chaji. Diski yake nilikuwa nimeigawa mara mbili, kama mafundi wengi tunavyofanya: sehemu ya C ya programu, sehemu ya D ya vitu vyetu. C ilifunguka ikiwa salama. D ilikataa kufunguka, kisha kompyuta ikaniuliza kwa adabu kama ningependa kuifomati, yaani kufuta vyote vilivyomo. Niliitukana.

Nikaandika jina la mtoto kwenye kisanduku cha kutafutia. Yakaja mafaili yote. Anakataa kuoga, yupo. Na ndama, yupo. Mke wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akapiga kofi la furaha. Mimi nilishajua. Kompyuta huweka faharasa yake kule C, kama ile ya nyuma ya kitabu: inakumbuka kila jina na ukurasa wake, hata kama kurasa zenyewe zimeungua. Nikabofya. Faili halipatikani. Nikabofya jingine, na jingine, mpaka mke wangu akatoka nje.

Nilifanya kila ninachojua. Niliinakili sehemu iliyoharibika kwenye diski nyingine, nikafanya kazi kwenye ile nakala ili nisiumize zaidi. Mafaili yakaanza kurudi bila majina, namba tupu. Picha za pasipoti za wateja wa Dongobesh zilirudi salama, tai zimenyooka. Harusi za watu nisiowajua zilirudi na keki zao. Video zake hazikucheza. Video ndefu huenda ikahifadhiwa vipande vipande huku na kule, na kilichoharibika ni ile kumbukumbu ya kipande gani kinafuata kipi. Niliwachukia wale watu wa picha za pasipoti. Niseme tu ukweli, niliwachukia mmoja mmoja.

Jumapili, kibanda kimefungwa na sisi tuko ndani, mama akaja kutoka uwandani kwa bodaboda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umempata?"

"Bado."

"Unamtafutaje?"

"Naandika jina lake."

"Anaitika?"

"Linakuja jina tu, mama. Mwenyewe hayupo."

Akakaa kwenye benchi la wateja, akavuta shuka lake mabegani.

Mchana huohuo faili moja likafunguka. Kioo kilikuwa cheusi. Nikakumbuka siku mama aliposhika simu akafunika kamera kwa kidole, na tulivyomcheka. Lakini sauti ilikuwepo. Kengele ya ng'ombe, upepo, kisha mama mwenyewe, kwa lugha yetu: "Mgeni wangu! Njoo unywe maziwa." Nyayo ndogo zikaanza kukimbia. Halafu ikakatika.

"Rudia," mke wangu alisema huku akilia. Nikarudia. Kengele, upepo, Mgeni wangu, nyayo, basi. Nikarudia tena.

"Mbona haitiki?" mama akauliza.

"Imekatikia hapo, mama. Iliyobaki imeharibika."

"Siyo hivyo." Alitazama mikono yake. "Umesema anatafutwa kwa jina. Mimi sikumwita kwa jina lake hata siku moja. Amekuja, amekaa kwangu, ameondoka, bibi yake hajamwita."

Nilitaka kumweleza habari za vipande na faharasa. Mama akainuka, akashikilia meza, akainamisha uso mpaka karibu na kile kioo cheusi, akalitaja. Jina la baba mkwe wake, lote, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mtoto bila kumshtua. Sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Akalitaja tena. Kisha akageuza sikio kwenye kompyuta, akasubiri, na sisi tukasubiri naye.