Fuatino, mama anayetuomba tusioshe mabasi kwa ndani

Saa kumi jioni, Jumamosi. Mpira wa maji umeshaingizwa mlangoni mwa basi dogo jeupe, na Fuatino Masoe bado yuko barabarani. Anakimbia. Ni mama wa miaka arobaini na mitatu, mwili wa kushiba, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi.

"Fungeni maji!" anapaza sauti. "Jamani, fungeni maji!"

Peniamina, dereva wa basi hilo, anamtazama bila haraka. Maji yanapita chini ya viti na kutokea mlango wa nyuma, yamebeba mchanga na magamba ya samaki.

"Vipi mama, nyumba inaungua?"

"Bado," anajibu Fuatino akihema.

Hapa ni Saleapua, kusini mwa Upolu. Kazi ya Fuatino ni kuyatafuta mabasi ya aina hii popote yalipo katika Samoa na kuwabembeleza wenyewe wayapeleke karakana Apia. Kampuni iliyoyaunda imetangaza kwamba yana kasoro ya nyaya za umeme na yanatakiwa yote yarudi yakatengenezwe, bila malipo. Duka la magari lililoyaingiza nchini ndilo lililomwajiri yeye.

Kasoro yenyewe ni ndogo kuitazama. Chini ya kiti cha mbele, upande wa abiria, ndipo ilipo betri, na hapo hapo linaanzia fungu la nyaya nene. Zinapoungana pana kifuniko cha plastiki ambacho hakibani sawasawa. Maji yakiingia, shaba inaota ukungu wa kijani. Ukizidi, nyaya zinapiga shoti, na zulia lililo juu yake linashika moto.

Sasa maji yanafikaje chini ya kiti? Hapo ndipo sisi wenyewe tunapoingia. Nchi nyingine watu wanafagia gari. Sisi tunalipiga mpira wa maji kwa ndani, kila Jumamosi, maana Jumapili ni nguo nyeupe. Utamkalishaje mtoto mwenye gauni jeupe juu ya mchanga na magamba ya samaki? Na inapokaribia Jumapili ya Watoto, mwezi wa kumi, ndiyo tunaosha kuliko siku zote. Basi lililo safi kupita yote kijijini ndilo la kuogopwa kupita yote.

"Yule anayependa watoto wake wawe wasafi ndiye ninayemkimbilia kwanza," anasema Fuatino.

Mwenye basi anatoka nje akijipepea. Ni Mama Vaitoelau, kiongozi wa kamati ya wanawake na mwalimu wa shule ya Jumapili. Basi lake ndilo linalobeba watoto wote wa mazoezi ya kwaya ya Jumapili ya Watoto, ishirini na kitu, ingawa limeundwa kubeba watu kumi na wawili.

"Binti, nani kakutuma kumkatiza mwanangu kazi?"

Fuatino anaeleza. Mama Vaitoelau anasikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza neno moja tu.

"Bure?"

"Bure kabisa, mama."

"Mara ya mwisho kupewa kitu cha bure nilipewa mume." Peniamina anacheka. "Wewe unacheka nini? Baba yako huyo. Binti, basi hili lilibarikiwa na mchungaji. Miaka minne halijatoa hata harufu."

"Mchungaji alibariki basi, mama. Zile nyaya zimefichwa chini, labda hakuziona."

Safari hii anayecheka ni Mama Vaitoelau. Lakini basi halitoi. Kesho mazoezi, kesho kutwa mazoezi. Wapo watoto wanaotoka mbali, ng'ambo ya mto, watafikaje? Fuatino anamwomba amruhusu angalau afungue waya wa betri, gari lilale bila umeme. Hapana, kesho asubuhi linatakiwa liwake mapema. Wanabishana kwa adabu, mmoja akiwa na mpira wa maji miguuni na mwingine na kandambili mkononi, mpaka wanakubaliana kwamba Jumatatu Peniamina atalipeleka Apia.

"Na usiku huu liegesheni kule uwanjani, mbali na nyumba," anasihi Fuatino.

"Kuku walale juu yake? Na nimeshalisafisha?"

Linasukumwa hadi ukingoni mwa fale, nyumba ya nguzo isiyo na kuta, paa likalikinge na mvua. Kutoka kwenye kioo cha basi hadi mkeka wanaolalia wajukuu watano wa Mama Vaitoelau, mtu mzima ananyoosha mkono anagusa.

Nyaya si jambo geni kwa Fuatino. Alipomaliza shule aliajiriwa katika kiwanda kilichokuwa kikifunga nyaya za magari ya kupelekwa nje. Alikaa huko miaka kumi na tisa, amesimama mbele ya ubao, akipanga nyekundu na nyeusi na njano. Nusu ya wanawake wa ukoo wake walipita hapo. Anapenda ieleweke kwamba nyaya zenye kasoro hazikufungwa Samoa. "Zilifungwa mbali huko. Nimezigeuza, nikaona si mkono wetu."

Kiwanda kilipofungwa alibaki kukaanga maandazi kando ya barabara. Siku nzuri aliondoka na tala thelathini, siku ya mvua aliyala maandazi yeye na wanawe wawili. Mumewe alikwenda New Zealand kuchuma matunda na hakurudi. Si kwamba amekufa, hakurudi tu. Duka la magari lilipotafuta mtu anayejua nyaya na anayeweza kuingia uani kwa watu, jirani alimtaja. Leo analipwa tala mia mbili na arobaini kwa wiki na nauli ya basi.

Kabla yake walitumwa mafundi wanaume. Walikaribishwa, wakalishwa magimbi na samaki kwa tui, wakasindikizwa hadi barabarani wakiwa wameshiba, na hakuna basi lililotoka. Barua za kampuni nazo zilikwenda kwa wenye majina kwenye kadi za magari, na sote tunajua hao ni akina nani. Shangazi wa Auckland aliyetoa pesa. Mjomba aliyepewa gari msibani akampa mkwewe. Gari likishaingia kwenye ukoo, nani anajua ni la nani? Shangazi anaipata barua, anaitazama, anasema mimi sina basi.

Basi Fuatino hafuati majina, anafuata kwaya. Akishuka kijijini anauliza akina mama, "Watoto wenu wanapelekwa mazoezini na nani?" Hapo anaonyeshwa basi moja kwa moja.

Jioni ile alichelewa gari la kurudi mjini, maana baragumu la kombe la bahari, la kuita watu salani, lilikuwa limeshalia. Saa ya sala ya jioni hakuna mtu anayetembea Saleapua. Vijana wa kijiji wanasimama kando ya barabara, na atakayepita atatozwa faini, awe mwenyeji au mgeni. Mama Vaitoelau akamvuta mkono. "Kaa, tusali. Utakula hapa."

Wakaketi mkekani, wajukuu mbele. Mdogo wao, Lagimaina, alikuwa amegoma kuvua gauni jeupe alilokuwa akijaribishwa. Wakaanza wimbo.

"Katika ubeti wa pili nikasikia harufu," anasimulia Fuatino. "Kiwandani tulikuwa tukiunguza waya kuupima. Harufu ile siisahau. Nikafumbua macho. Wote wamefumba. Nikajiambia labda ni tanuri la jirani. Kisha nikajiambia, Fuatino, wewe unaona aibu, na mtoto yuko pale."

Akasimama.

Wimbo ukakatika. Kutoka barabarani mmoja wa vijana akafoka, "We mama! Kaa chini! Hujui ni sala?"

"Najua!" akajibu Fuatino, naye ameshafika kwenye basi.

"Mgeni gani huyu? Kaa chini!"

Mama Vaitoelau mwenyewe akamwita kwa hasira, "Binti, unaniaibisha nyumbani kwangu!" Ndipo Fuatino alipoinua kiti cha mbele na moshi ukatoka, mweusi, ukaingia moja kwa moja chini ya paa. Hakuna aliyemwambia tena akae.

Fuatino alikuwa na spana kwenye mkoba. Akalegeza nati, akang'oa waya wa betri kwa kitambaa cha kichwani. Zulia lilikuwa limeshaanza kuwaka pembeni, Peniamina akalimwagia mchanga. Kisha watu wote, na wale vijana wa barabarani waliokuwa wakifoka, wakalisukuma basi hadi uwanjani. Hakuna aliyeungua vibaya. Fuatino ana kovu dogo kwenye kidole gumba, anasema ni la maandazi, lakini si la maandazi.

Jambo moja akina mama tulishike hapa. Gari lilikuwa limezimwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Peniamina. Hata hivyo zile nyaya zina umeme muda wote maadamu betri imefungwa. Kuzima gari hakusaidii. Kama gari hili lingengoja watu walale, ningekuwa naandika habari nyingine.

Usiku ule Mama Vaitoelau alimwekea mgeni chakula, akaketi naye, akatazama mahali basi lilipokuwa limeegeshwa. Baadaye akasema, "Mimi ndiye niliyeagiza maji."

"Uliagiza usafi, mama," akasema Fuatino. "Kula basi, samaki anapoa."

Jumatatu wakuu wa koo walikutana. Fuatino aliitwa, akaja na basi la asubuhi. Sheria ni sheria, amevunja sala ya jioni, akatozwa makatoni mawili ya samaki wa kopo. Wapo walionung'unika kwamba si haki. Yeye hakunung'unika.

"Ningeshangaa wangeniacha," anasema. "Kesho kila mtu angetembea saa ya sala, akasema amesikia harufu."

Mama Vaitoelau alisimama akasema makatoni hayo ni yake, na ole wake atakayemzuia kuyaleta. Akayaleta kwa toroli. Ndipo mkuu wa baraza, mzee asiyependa maneno mengi, akaongeza sheria nyingine. Kuanzia siku hiyo, atakayelaza basi la aina hiyo karibu na nyumba wanamolala watu, au kuliosha kwa ndani kwa mpira wa maji kabla halijatengenezwa, atatoa makatoni mawili vilevile.

Barua za kampuni zilikuwa zimepita Saleapua mwaka mzima bila kumtoa mtu. Lakini samaki wa kopo ni habari nyingine. Kabla ya wiki kwisha mabasi mengine mawili yalikuwa yamejitokeza, moja likitolewa nyuma ya banda la nguruwe ambako mwenyewe alikuwa akilificha, akidhani Fuatino ni mtu wa kodi.

"Mbona hukusema kama ni nyaya tu?" mwenye basi akamlalamikia.

"Nimekuja kwako mara tatu, baba! Kila nikija mkeo ananiambia umekufa!"

"Hata mimi huniambia hivyo nikichelewa kurudi."

Basi la Mama Vaitoelau lilikaa Apia likisubiri vipuri vije kwa meli. Watoto wa ng'ambo ya mto wamekuwa wakija mazoezini kwa miguu, wazazi wakipokezana kuwavusha, na wengine wamelalamika sana. Mimi ninayeandika haya pia naishi ng'ambo, nimewavusha wangu, nimelowa hadi kiunoni, na sijalalamika. Sasa limerudi. Fungu la nyaya ni jipya, kifuniko kinabana, na zulia ni la rangi nyingine kwa sababu ile ya mwanzo haikupatikana.

Magari ambayo Fuatino hajayafikia ni machache, mengi yapo Savai'i. Wiki ijayo anavuka na feri. Amepanga kufika Jumamosi mchana, mipira ya maji haijafunguliwa. Yakiisha hayo, kazi yake nayo imekwisha, na duka halijamwahidi nyingine. Nilimuuliza kama hilo halimtii hofu.

"Linanitia. Lakini nitaombaje kazi hii iendelee? Ikiendelea maana yake kuna mtoto amelala karibu na gari. Nitarudi kwenye maandazi, labda na meza ya nyaya pembeni. Redio, taa, pampu. Watu wataleta."

Na Jumapili ya Watoto je, anatarajia nini?

"Nataka siku hiyo nisimame mlangoni mwa kanisa mabasi yakifika, nichungulie ndani. Nikiona mchanga sakafuni, roho yangu itatulia."

Mama Vaitoelau alikuwa karibu, akifagia basi lake kwa ufagio wa njukuti za mnazi. Haingizi tena mpira wa maji ndani, ingawa limeshatengenezwa na sasa anaruhusiwa. Mchanga mwingi ulibaki kwenye pembe. Lagimaina akapanda na gauni lake, akakaa hapo hapo sakafuni.

"Bibi, nitachafuka."

"Chafuka," akasema bibi yake. "Nitafua."