Mgeni wa Khanga za Njano

Siku dada yangu alipokuwa anaposwa, mimi nilipewa kazi moja tu: kwenda stendi ya Kibiti kumpokea shangazi wa mchumba wake, aliyekuwa anatokea Kilwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Alikuwa amemwambia mama kwenye simu, "Nitajitanda khanga za njano. Hamtanikosa."

Nikasimama stendi natafuta njano. Sikuwa najua kwamba Kibiti ina njano kiasi kile. Madumu ya mafuta ya kula, ndizi mbivu, vizibao vya bodaboda, kila kitu kilinigeuza shingo. Mama mmoja mrefu, mwenye baibui jeusi, akaja akasimama mbele yangu amekumbatia jogoo mweupe. Jogoo akawika karibu na sikio langu. Wala sikumtazama.

"Mama, naomba usogee kidogo, unaniziba," nikamwambia. "Kuna mgeni namtafuta."

Akasogea.

Basi jingine la kusini likaingia, na mlangoni akateremka mwanamke wa makamo, njano tupu kuanzia kichwani. Nikamkimbilia.

"Shikamoo shangazi! Mimi ndiye niliyetumwa kukupokea."

"Marahaba mwanangu," akasema, na macho yakamjaa machozi. "Nimechelewa?"

"Hujachelewa. Wote wanakusubiri wewe."

Alilia njiani kote. Nilidhani ni furaha.

Nyumbani mikeka ilikuwa imetandikwa, wazee wa kiume wamekaa nje kimya, na nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wanapika wali kwenye masufuria makubwa. Mgeni alipoona hayo akaangua kilio na kumwangukia mama yangu kifuani. Mama akamshika, huku akininong'oneza, "Mwone, anatupenda kabla hata hajamwona binti."

"Yuko wapi?" mgeni akauliza.

"Chumbani, amepumzika."

"Ameshaoshwa?"

"Tangu asubuhi," mama akajibu kwa fahari, maana dada alikuwa amesuguliwa singo mpaka anang'aa. "Na udi amefukizwa."

"Mwenyezi Mungu awalipe. Basi niingie nimwone kabla hamjamtoa."

"Kumtoa bado. Wanaume wazungumze kwanza."

Mgeni akatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Mama akamshika mkono, akamfungulia mlango wa chumba. Dada yangu alikuwa amekaa kitandani, hina mpaka kwenye viwiko. Akainua uso, akatabasamu.

"Shikamoo shangazi."

Yule mama akapiga ukelele ambao sijausikia tena maishani. Wanawake wa jikoni walikuwa wanangoja ishara ya kuanza, wakadhani ndiyo hiyo, wakaitikia kwa vigelegele.

Ilichukua muda, na maji mengi ya kunywa, kufahamu kwamba alikuwa amekuja kumzika binamu yake kule Mtawanya, nyumba ambayo hajawahi kufika, na kwamba alikuwa ameahidiwa mtu wa kumpokea stendi. Tulikuwa bado tunampepea pale bodaboda iliposimama uani. Akashuka mama wa baibui jeusi na jogoo wake. Khanga zake za njano zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki; mtoto wa abiria mwenzake alikuwa amezitapikia njiani.

Akaninyooshea kidole.

"Huyu ndiye aliyeniambia namziba," akasema.

Mama yangu hakunipa nafasi ya kujitetea. Akaniamuru nimpeleke mgeni wa watu msibani upesi. Tukapanda bodaboda, mimi nyuma, yeye katikati, khanga yake ikinipiga usoni hadi Mtawanya.

Tulifika maiti inataka kutolewa. Nilikuwa nimesimama pembeni nikitafuta namna ya kuaga wakati bibi mmoja aliponishika mashavu kwa mikono miwili.

"Mjukuu wa Dar! Kumbe umekuja!"

"Hapana bibi, mimi nimemleta mgeni tu."

"Macho ya marehemu bibi yako yaleyale."

"Bibi, mimi natoka Kibiti hapo."

"Hata sauti," akawaambia wenzake, na wenzake wakakubali kwamba hata sauti.

Nilijaribu tena kueleza, lakini kila nilipofungua mdomo mtu mwingine alinikumbatia na kunipa pole, na kadiri nilivyokana ndivyo walivyosema uchungu umenizidi. Nikasukumwa taratibu mpaka mbele ya jeneza. Wanaume wakanipisha nafasi, nafasi ya mtu wa karibu. Nikaweka bega.

Baadaye nilisikia kwamba posa ilikubaliwa, shangazi akacheka mpaka akakaa chini, na jogoo akachinjwa. Wakati huo mimi nilikuwa makaburini nashika jembe, nafukia udongo juu ya mtu nisiyemjua, huku nikilia kweli.